Baba Aliyepatikana Ng'ambo ya Sirari

Jirani na Kehancha, Kenya
12 Desemba 2023

Mama yangu Bernadetha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu wa bibi Wegesa umepoa, na mahindi ya shamba la chini yamepata mvua. Mimi na mwanao Joel hatujambo. Tumbo limekuwa zito, huu ni mwezi wa saba, lakini mtoto anacheza vizuri, hasa gari likipita kwenye mashimo.

Ulisema nisikupigie simu, maana ukiwa hapo Gorong'a lazima upande kilima mpaka shuleni ndipo usikike, na ukishafika huko kijiji kizima kinasikiliza. Basi ninaandika. Marwa, yule anayeleta ndizi zako soko la Isebania, amekubali kubeba barua zetu kila akivuka.

Hii ni mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Sisi watoto wa wachimbaji tumezunguka Geita, Kahama na Nyakunguru tukifuata dhahabu na baba, lakini nchi nyingine sijawahi. Nilidhani ni mbali. Kumbe ni kugongewa muhuri pale Sirari, kutembea kidogo, na kijana wa bodaboda kukuambia, "Karibu Kenya, mathe." Joel alicheka, akasema hii ndiyo fungate tuliyoikosa.

Tumefikia kwa mzee Simioni, binamu wa marehemu mzee Nashoni, kama ulivyotuelekeza. Wametupokea vizuri sana. Wananiita Msukuma wa dhahabu, na kila nikijaribu Kikurya watoto wanakimbia kuwaita wenzao waje kusikia. Mzee Simioni ananyamaza sana, lakini amekuulizia wewe na bibi Wegesa mara nyingi.

Siku ya tatu Joel aliniambia, "Vaa vizuri, kuna mzee mwingine wa kumsalimia, kilima cha pili." Nikamwuliza ni nani. Akasema ndugu wa mbali. Anaitwa Oswaldi. Mama, tulikuta watu wamejaa kama harusi. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Huyo mzee alimshika Joel mabega, akamgeuza kwa watu akasema, "Si mnaona hii uso?" Watu wakapiga vigelegele. Kisha akachukua yale majani yaliyotoka tumboni mwa mbuzi, akampaka Joel kifuani. Joel akainamisha kichwa, akamwita tata, nikadhani ni "baba" ya heshima tu. Mkewe, mama Jenipha, akanifungua kanga kidogo na mzee akanipaka mimi tumboni. Yalikuwa bado ya moto. Niliona aibu, lakini nikasema nisiwavunjie heshima wenyeji. Nikamwuliza mama Jenipha maana yake, akasema, "Mtoto amefika kwao." Nikasema asante.

Nilitaka kukuuliza, huyu mzee ni ndugu wa upande gani? Joel nikimwuliza anasema tutaongea.

Msalimie sana bibi.

Mwanao,
Nora


Gorong'a, Tarime
15 Desemba 2023

Nora,

Marahaba. Mimi mzima, mguu wa mama Wegesa uko vilevile, mvua imenyesha. Salamu zimekwisha.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Marwa alikuwa anasubiri chai. Nimemnyima chai.

Oswaldi si ndugu wa mbali. Si ndugu wa karibu. Si ndugu. Ni mwanamume aliyenipa mimba ya Joel, na baada ya hapo hakunipa kitu kingine. Wewe hukuzaliwa katika mambo haya, umeyakuta tu, kwa hiyo nakueleza polepole.

Nashoni alipokufa alimwacha mkewe Wegesa na mabinti watupu, wote wameolewa mbali. Kwa desturi yetu mwanamke wa namna hiyo hakubali boma lake life. Anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake. Alinioa mimi nikiwa na miaka kumi na saba. Ndiyo nyumba ntobhu unayoisikia watu wakiitaja kwa sauti ya chini. Ninachozaa mimi ni cha boma la Wegesa, kwa jina la Nashoni. Mwanamume anayekuja kulala hapo hana boma, hana jina, hana mtoto. Oswaldi aliyajua hayo. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, anavuka kila mnada, na alipoelezwa masharti alicheka akasema kwake ni nafuu. Joel hajaota jino, Oswaldi akarudi kwao. Mpaka leo. Imepita miaka mwanamume hajaulizia hata kama mtoto anatembea, leo anamgeuza mbele ya watu aonyeshe uso.

Sasa hayo majani ya tumboni mwa mbuzi. Mgeni hapakwi. Mgeni anapewa nyama, anapewa kiti, anaenda zake. Anayepakwa ni mtoto wa nyumba, ili walio hai na waliokufa wamjue. Kifua cha Joel ni cha mtu mzima, atakijibia mwenyewe. Lakini amekupaka wewe tumboni, mbele ya mashahidi, amemchukua mtu ambaye hajazaliwa, na wewe ukasema asante.

Sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kutouliza kwanza. Mwanamke mwenye akili zako, unayewauzia watu dawa na kuwaeleza kila kidonge kinafanya nini, unapakwa kitu usichokijua kisa kuna vigelegele.

Elewa kilicho mezani. Joel ndiye mwana pekee wa boma hili. Akiitwa wa Oswaldi, na huyo wa tumboni akaitwa wa Oswaldi, boma la Wegesa limekufa, na yeye mwenyewe yu hai amekaa mlangoni analitazama. Bado sijamwambia. Nitamwambia nini?

Mwulize Joel alijua tangu lini. Kisha fungeni mizigo. Krismasi mle huku.

Mamako,
Bernadetha


Jirani na Kehancha
20 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaniuma, lakini si ugonjwa. Poleni na kuuguza.

Nimemwuliza Joel kama ulivyosema. Tulikuwa tunatoka kisimani, yeye amebeba ndoo, watu wanamcheka kwamba Tanzania wanaume wanateka maji. Nikamwambia aweke ndoo chini.

"Huyu mzee ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Umejua lini?"

"Mwaka jana. Nilimtafuta mwenyewe. Tumekuwa tukiongea kwa simu."

"Na hii safari ya kumsalimia mzee Simioni?"

Akainama achukue ndoo. Nikamwambia, "Joel, umenileta nchi ya watu kwa uongo, na mimba." Akasema, "Ningekuambia ungemwambia mama." Nikasema ningemwambia, ndiyo. Akasema, "Basi."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia tangu tuoane. Shuleni walimwita Joel wa bibi. Mwalimu mmoja wa hesabu alimwuliza mbele ya darasa, "Baba yako bado ananyonyesha?" na darasa lote likacheka, na siku hiyo yeye naye alicheka ili wasimwone. Alisema, "Nora, mimi kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa watu jiografia. Namwonyesha mtoto mto Mara unaanzia wapi. Nikirudi nyumbani, mimi sijui ninaanzia wapi. Nilitaka nimwone mtu mmoja tu mwenye masikio kama yangu." Na kweli, mama, masikio ni yaleyale.

Sikumtetea. Nimemkasirikia mpaka sasa, nalala kwa wasichana wa mzee Simioni. Lakini na wewe hukumwambia. Umeishi naye miaka yote hiyo, hata jina hukulitaja, akaenda kulitafuta kwa watu wa mnadani.

Jambo lingine nimelipata jikoni kwa mama Jenipha, tukimenya viazi. Mzee Oswaldi hana mtoto wa kiume. Mama Jenipha alishaanza kutafuta binti wa kumwoa, nyumba ntobhu hiyohiyo, ili boma lao lisife. Mzee akakataa, akasema yeye hana haja na mambo ya wanawake kuoana, anaye mwana Tanzania, tayari amesomeshwa. Mama Jenipha aliniambia hivi huku ananiangalia tumbo. Si mtu mbaya. Kila siku ananipa uji.

Hatutakuja Krismasi. Tarehe 30 kuna ritongo, mkutano wa wazee wa ukoo wao. Hapo Joel atatajwa rasmi kuwa mwana wa Oswaldi. Yeye anasema ni heshima tu. Mimi naona wameshapima mahali pa kutujengea nyumba.

Mwanao,
Nora


Gorong'a
25 Desemba 2023

Nora,

Krismasi njema, kama huko inaliwa kwa amani. Huku tumechinja jogoo, na mama Wegesa ameuliza sahani ya Joel iko wapi. Nimemwambia magari yamekuwa shida. Nimemdanganya mwanamke ambaye hajawahi kunidanganya, na hilo nalo naliweka juu ya kichwa cha Oswaldi.

Kwa hiyo mambo ya wanawake kuoana ni aibu kwake, lakini tunda lake ni tamu. Wanaume wa namna hii nawajua. Nilikaa nao baraza la madiwani miaka kumi, viti maalumu, wakiniita mama wa chai. Wakati wa kulima hawaonekani. Mahindi yakikomaa wanakumbuka kwamba ile mvua ilipita kwanza juu ya kwao. Shule ikijengwa kwa michango ya akina mama, siku ya uzinduzi wao ndio wanakata utepe. Huyu naye amekuja na mkasi wake.

Unasema sikumwambia Joel jina. Ni kweli. Jina la nini? Mtu aliyepita? Niulize nani alikuwa baba nikuambie. Joel alipopata malaria ya kichwani na mto umefurika, Wegesa alimfunga mgongoni akazunguka na njia ya juu mpaka hospitali, akafika viatu vimebaki kwenye tope. Joel alipofukuzwa shule kwa ada, Wegesa alienda kukaa ofisini kwa mkuu wa shule na kikapu chake, akasema hatoki, akatoka jioni Joel akiwa darasani. Joel alipotahiriwa, wenzake wana baba zao na wajomba nyuma, nyuma ya Joel alisimama mwanamke mzee ameshika rungu la marehemu Nashoni, na hakuna aliyethubutu kucheka. Huyo mwalimu wa hesabu bahati yake nimemsikia leo.

Masikio. Hata mbuzi wana masikio ya baba zao.

Sasa sikiliza. Siwezi kuja, mama Wegesa hasimami bila mimi. Simioni ni mtu mwema ila mdomo wake hautoi maneno. Joel amelewa baba. Umebaki wewe. Siku ya ritongo utasimama na utawasomea hivi, kwa sauti:

"Wazee, ninaitwa Bernadetha, mke wa boma la Wegesa. Joel ni mwana wa Nashoni, kwa desturi yenu na yetu, maana ni moja, mpaka umeletwa na watu wengine. Oswaldi aliyajua masharti akayakubali. Mtu akisaidia kusukuma gari kwenye tope, gari haliwi lake. Kama Joel, kwa ukubwa wake, anataka kukaa kwa Oswaldi, na akae. Lakini Nora aliolewa kwa ng'ombe waliotoka zizi la Wegesa. Ng'ombe hao walipokelewa na baba yake, mzee Masanja, mashahidi wapo. Nora ni wa boma la Wegesa, na tumbo lake na kila atakachozaa ni vya boma la Wegesa, hata Joel aende wapi. Mbuzi mmoja wa mapokezi hafuti ng'ombe wa ndoa. Hiyo ndiyo sheria na ninyi mnaijua."

Hapo hawana jibu. Nimelitazama pande zote, hawana. Ukimaliza usibishane nao, kaa, kunja karatasi.

Mamako,
Bernadetha


Nyakunguru
3 Januari 2024

Mama Bernadetha,

Shikamoo. Mimi nina afya. Unaona nilikoandikia. Niko kwa baba yangu.

Nakueleza yaliyotokea, kisha nina neno langu.

Nilisimama kama ulivyoniagiza. Mzee mmoja akasema, "Mwanamke hasimami hapa, tena mgeni, tena mwenye tumbo." Nikadhani imekwisha. Mzee Simioni, aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi, akasema, "Basi akae. Asome amekaa." Wakacheka, kiti kikaletwa, nikasoma nimekaa.

Mwanzo walitulia. Pale pa gari kwenye tope mtu alikohoa ili asicheke. Nilipofika kwenye ng'ombe wakaanza kutazamana, na mzee Oswaldi akasimama.

"Ng'ombe gani? Hiyo mambo ni ya zamani. Mimi nimepaka hii tumbo na mbuzi yangu, mbele ya watu wote hapa. Na yeye mwenyewe akasema asante."

Mzee mwingine akasema, "Lakini ng'ombe wa ndoa ni wengi, mbuzi ni mmoja." Mwingine akasema, "Mbuzi ni wa juzi, damu bado mbichi." Wa tatu akauliza kama katika ng'ombe wale wapo waliokufa kabla ya harusi, maana hiyo ingebadilisha jambo. Wakabishana mpaka chakula kikapoa, nani ana haki na tumbo, mwenye ng'ombe au mwenye mbuzi. Mimi nimekaa katikati yao, karatasi mkononi, mtoto ananipiga mateke.

Nikamtazama Joel. Nilikuwa namngojea aseme neno moja tu, hata baya. Akainuka, akajikung'uta suruali, akasema, "Wazee, mtakavyoamua." Akakaa.

Sikungoja waamue. Nilichukua mkoba, mama Jenipha akanisindikiza mpaka barabarani, nikapanda gari la Isebania.

Sasa neno langu. Maneno yale niliyasoma kwa mdomo wangu, mama, ndipo nikayasikia. Oswaldi anasema mimi ni wake kwa mbuzi. Wewe unasema mimi ni wako kwa ng'ombe. Tofauti yenu ni ukubwa wa mnyama. Na wewe ulikuwa na hakika hawatakuwa na jibu, ukafurahi, hata mimi nimeiona hiyo furaha kwenye mwandiko. Hukuniuliza kama nataka kuyasema. Uliniambia kaa, kunja karatasi.

Ningetegemea hivyo kwa wale wazee. Kwako wewe sikutegemea. Wewe uliyepelekwa na ng'ombe ukiwa na miaka kumi na saba, unayewasimamisha mabinti kwenye mikutano ukiwaambia wewe ni mtu, sema. Nimekusikia kwa masikio yangu pale uwanja wa shule ukisema hivyo, nikajivunia kwamba huyu ndiye mama mkwe wangu.

Mtoto huyu nitamzaa kwetu. Usimtume mtu.

Nora binti Masanja


Gorong'a
11 Januari 2024

Nora,

Salamu kwako na kwa mzee Masanja.

Mkwe hatoki kwenye boma bila kuaga, awe amekasirika au hajakasirika. Unanifananisha mimi na Oswaldi. Mimi nimekupigania, nimekuandikia maneno ambayo wanasheria wa mjini wasingeyapata, nimewafunga wazee wale kwa kamba yao wenyewe, na shukrani yangu ni hii. Ulitaka niwaambie nini? Kwamba Nora ni mtu huru, atakwenda anakotaka? Wangenicheka mpaka waanguke. Unapopigana na watu unatumia silaha wanayoiogopa.

Na Marwa ananiambia Joel bado yuko huko.

Njoo nyumbani tuzungumze. Mtoto hawezi kuzaliwa machimboni.

Mamako,
Bernadetha

Narudisha karatasi hii kwa Marwa mara ya pili. Mara ya kwanza alisema hakukukuta. Marwa hajui kudanganya, anatazama miguu yake.


Gorong'a
29 Januari 2024

Nora,

Uwe mzima wewe na mwenzako aliye tumboni. Msalimie mzee Masanja, nimesikia alianguka kwenye mwamba, pole kwake.

Ile barua ya mwisho hukunijibu, na nimekaa na ukimya wako zaidi ya wiki mbili. Nimezoea kujibiwa. Watu wakinitukana najua pa kuanzia.

Joel amerudi. Alhamisi nilimwona amesimama getini kama muuza sabuni, hajui abishe hodi au apite. Nikamwuliza, "Tata hajambo?" Akasema, "Mama, nimechoka." Nikamwambia, "Umechoka na nini, na kupakwa?" Sikumhurumia, na hata sasa sijamhurumia, lakini nakueleza aliyosema kwa sababu yanakuhusu.

Ulipoondoka, Oswaldi aliamka kila siku na swali moja, mke anarudi lini. Hakumwuliza Joel amelala vipi, anafundisha nini, alikuwa mtoto wa namna gani. Joel alimwonyesha picha zake za shuleni, akazitazama kama mtu anayetazama risiti. Mwishoni alimwambia wazi, "Nenda umlete azalie hapa. Wewe umeshakuwa mkubwa, huwezi kukua tena hapa. Huyo mdogo ndiye atakua na boma." Joel akaelewa kwamba yeye alikuwa njia tu ya kupitia. Alinieleza haya amesimama, bado hajaingia ndani.

Mama Wegesa alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Nilidhani amelala. Kumbe alisikia yote, na yale niliyomficha tangu Desemba yote akayapata kwa mara moja. Akamwambia Joel, "Mura, kijana wangu, umekula?" Joel akalia, mwanamume mzima na ndevu zake. Akapewa ugali. Kisha mama Wegesa akanigeukia.

"Nora yuko wapi?"

Nikasema, "Kwa baba yake. Amekasirika, na wakati ng'ombe zetu..."

"Sikuuliza ng'ombe. Anakula?"

Nimekuandikia kurasa na kurasa na sijui kama unakula. Akauliza tena, "Nani amemwuliza anachotaka?" Joel akatazama sahani. Mimi nikatazama pengine.

Kuna jambo sijawahi kulisema, hata kwenye hiyo mikutano unayonikumbusha. Siku nilipoletwa hapa, wazee walikuwa kwenye mtungi wa pombe wanafurahia kazi yao. Wegesa akaniita nyuma ya ghala akaniuliza, "Binti, unataka kukaa?" Nikasema sitaki. Kesho yake alinirudisha kwa baba yangu, kwa miguu, amenishika mkono, na kina mama njiani wanamshangaa. Baba yangu hakuuliza neno, alichukua fimbo. Usiku huohuo nilirudi kwa Wegesa, peke yangu. Si kwa sababu ya ng'ombe. Katika watu wote walioifunga ndoa ile, ni yeye mmoja aliyeniuliza.

Nimeitetea desturi hii mbele ya wasomi waliokuja na kamera kutuonea huruma. Niliwafukuza, na ningewafukuza tena. Lakini nilikuwa natetea boma la mwanamke aliyeniuliza, na nilipokuandikia wewe niliacha hilo, nikabeba ng'ombe tu. Oswaldi bado ni mwizi, sirudishi neno hata moja juu yake. Ila kwako nilikosea, na ninaliandika kwa ufupi kwa sababu mambo haya siyajui kuyaandika.

Basi nauliza. Unataka kuzaa wapi? Unataka Joel aje, au asije? Nimemwambia hapa hataelekezwa uliko wala hatapewa nauli, akitaka mke amwandikie, kama nilivyofanya mimi. Mtoto unataka aitwe nani, na wa nani? Mama Wegesa amesema jibu lolote atalipokea, hata likiwa la kufunga mlango huu. Amesema hivyo kwa sauti ya kawaida, akaomba maji.

Ukitaka usijibu, usijibu.

Bernadetha


Nyakunguru
22 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Baba anatembea na fimbo lakini anatembea.

Nimejifungua tarehe 17, hospitalini Tarime, salama. Ni wa kike. Marwa alipeleka habari ng'ambo, kwa mama Jenipha. Mzee Oswaldi alisikia, akasema Mungu ashukuriwe, akauliza bei ya ndizi. Mama Jenipha amemtumia mtoto kitambaa kizuri cha kumbebea.

Umeuliza, nakujibu.

Mtoto ni wangu kwanza. Nitakuwa natembea naye, wala sitamgawa. Jina nitalichagua mimi nikishamjua, msiniletee majina ya marehemu wa upande wowote.

Joel aliniandikia. Kurasa nyingi, nusu yake kujieleza. Nimemjibu kwamba aje, aje peke yake, asilete mzee, asilete mnyama, na aje na jibu la swali moja: kama nisingeondoka siku ile, angesema nini wazee wakishaamua? Akinipa jibu la kuwafurahisha watu nitalijua. Bado hajafika. Nimemkasirikia vya kutosha hadi mwakani, lakini nataka aje.

Kuhusu boma la bibi Wegesa. Mtoto akishakaza shingo nitampeleka Gorong'a mwenyewe, nimweke mikononi mwake. Nikiona pananifaa nitakaa. Msiandae kitu, wala msimwite mtu. Mwambie ninakula. Nakula kuliko wachimbaji.

Na wewe mama, kama mguu wa bibi unaruhusu na jirani anaweza kukaa naye siku mbili, njoo. Hapa tuko mimi na baba tu, naye anaogopa hata kumshika, na mimi nikimwogesha sijui kichwa chake nikishikeje. Najua bado una hasira, na mimi ninazo. Njoo nazo. Mashine za kusaga mawe zinanguruma hapa kutwa nzima, tutapiga kelele tunavyotaka na hakuna atakayetusikia isipokuwa huyu mdogo, na yeye ameshazoea.

Mwanao,
Nora